Injini Kuukuu na Fedha za Kigeni: Ufundi wa Kufufua Injini Tanzania na Kenya

Ufundi wa kufufua injini iliyoshikwa na kutu, yaani kuishusha kutoka katika gari, kuifungua yote, kupima kilicholika na kilichosalia, kisha kuifunga upya hadi iwake, umestawi na kufifia Afrika Mashariki kwa kufuata jambo lililo nje kabisa ya injini yenyewe, nalo ni upatikanaji wa fedha za kigeni. Spea, yaani vipuri, zilipoweza kuagizwa Ulaya au Japani bila shida, fundi alikuwa mtu wa kutoa kibovu na kutia kizima; dola na pauni zilipoadimika, fundi huyohuyo alilazimika kujua chuma kinavyolika, kinavyopimwa na kinavyorudishiwa umbo lake. Kwa sababu hiyo ni kosa kuusoma ufundi huu kama dalili ya umaskini tu, kwani vipindi vya uhaba ndivyo vilivyozalisha sehemu kubwa ya maarifa yake, na vipindi vya wingi wa bidhaa vikayafanya yasiwe na soko.

Mizizi yake ni mikongwe kuliko gari. Ujenzi wa Reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, na kila moja ilihitaji karakana yenye tanuri, mashine za kukereza chuma na watu wa kuziendesha, kwa kuwa kichwa cha treni kilichoharibika hakikuweza kurudishwa Ulaya kila kilipohitaji matengenezo. Gari lilipokuja, lilikuta ujuzi huo umekwisha kuota. Luteni Paul Graetz, aliyeondoka Dar es Salaam Agosti 1907 kwa gari la Gaggenau na kufika Swakopmund Mei 1909, alitumia sehemu kubwa ya muda wake katika matengenezo na katika kusubiri mafuta na vipuri, jambo lililoonyesha mapema kabisa kwamba katika nchi hizi ugumu haukuwa kulipata gari bali kulifanya liendelee kutembea.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilitoa mifano miwili ambayo wanahistoria wa kijeshi huisimulia kama visa vya ushujaa, ingawa kwa hakika ni visa vya karakana. Wa kwanza ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji mwaka 1914 ikiwa na mitambo mibovu: sehemu zilizoharibika zilikokotwa nchi kavu na wapagazi hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, kisha zikarudishwa mtoni kwa njia ileile. Wa pili, ambao una uzito zaidi kwa historia hii, ni wa meli Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg na kampuni ya Meyer mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa vipande hadi Kigoma na kuunganishwa upya katika Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoona kwamba Kigoma itaangukia mikononi mwa adui, waliizamisha wenyewe Julai 1916, lakini kabla ya kufanya hivyo mainjinia wake waliipaka mitambo grisi nzito kwa matumaini kwamba siku moja wangerudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta kwamba injini za mvuke zilizolala chini ya maji kwa takriban miaka minane bado zinafaa kutengenezwa, na meli hiyo ikarudi kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba.

Kilichoziokoa injini za Liemba ndicho kinachoamua hadi leo kama injini ya gari iliyotelekezwa itafufuka au la. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni kwa msaada wa maji, na palipo na mafuta ya kutosha kuyazuia maji yasiguse chuma, muungano huo haufanyiki au hufanyika polepole mno. Injini iliyozimwa ikiwa na oili safi, plagi zake zikiwa zimekazwa na bomba lake la moshi likiwa limezibwa, huweza kukaa miaka mingi na ikawa na kutu ya juujuu tu. Iliyoachwa wazi kwa msimu mmoja wa masika huweza kuwa imekwisha, hata kama ilikuwa mpya. Umri wa injini, kwa hiyo, si kipimo kizuri cha uzima wake.

Katika miaka ya kati ya vita viwili, gereji nyingi za mijini, kuanzia Nairobi na Mombasa hadi Moshi na Dar es Salaam, zilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na miongoni mwa Wahindi hao waliosifika zaidi kwa kazi ya chuma ni Masingasinga, ambao Waswahili huwaita Kalasinga, wengi wao wakiwa wa jamii ya maseremala na wahunzi kutoka Punjab waliovutwa na kazi za reli. Mwafrika aliingia gereji kama spanaboi, yaani msaidizi wa kushika na kukabidhi spana, na mpangilio wa kikoloni ulimtaka abaki hapohapo kwa mshahara wa msaidizi. Hata hivyo injini za wakati huo zilifundisha kwa uwazi. Beringi za Ford aina ya T, yaani vikombe ambamo mhimili mkuu huzungukia, hazikuwa vipande vya kununuliwa dukani bali madini laini yaliyoyeyushwa na kumiminwa mahali pake, kisha yakakwanguliwa kwa mkono hadi yakae sawa, kazi ambayo mtu aliyekulia karibu na kiwanda cha mhunzi hakuhitaji kitabu ili kuielewa. Aliyeshika taa wakati bwana wake akikwangua aliona kila kitu.

Vita vya Pili vilivunja kizuizi hicho kwa kiasi fulani, kwa kuwa jeshi lilihitaji madereva na mafundi kwa maelfu na halikuwa na muda wa kuchagua rangi. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, walifunzwa katika vikosi vya uchukuzi na vya ufundi, wakatengeneza malori Ethiopia na Burma, kisha wakarudi makwao na ujuzi usiokuwa na cheti cha kiraia. Mara baada ya vita ukaja mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kuiletea serikali ya Uingereza hasara ya mamilioni ya pauni. Mradi huo hukumbukwa kwa ardhi ngumu na mvua chache, lakini anguko lake lilikuwa pia la injini: matrekta yake ya mwanzo yalitokana kwa wingi na mabaki ya kijeshi, mengine yakiwa yamekaa juani na mvuani kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa mbovu kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Wataalamu waliopanga mashamba kwa ekari milioni hawakupanga karakana yenye uwezo wa kuzihudumia mashine hizo, na waliolazimika kuziba pengo ni mafundi waliookoteza vipande kutoka matrekta matatu ili kupata moja linalotembea. Njia hiyo ya kunyofoa, ambayo mabwana wa mradi waliiona kama fedheha ya muda, ilikuja kuwa kanuni ya nchi nzima robo karne baadaye.

Magari yaliyotawala barabara wakati wa uhuru yalitofautiana sana kwa namna yalivyomruhusu fundi kuyafufua, na tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu gari lipi lilibaki na lipi lilitoweka. Peugeot 404, iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1963 na tena mwaka 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na injini yenye slivu za maji, yaani mirija ya chuma inayosimama ndani ya bloki, ambao ndio mwili wa injini, huku ikizungukwa na maji ya kupoozea. Slivu iliyolika au kuliwa na kutu ilichomolewa, ikawekwa nyingine pamoja na pistoni na ringi zake, na bloki lenyewe likabaki kama lilivyotoka kiwandani, kwa hiyo fundi mwenye spana nzuri na mikono misafi aliweza kuifunga injini upya chini ya mwembe. Land Rover, iliyopendwa na serikali, misheni na mashamba, ilikuwa na injini ya lita 2.25 ambayo silinda zake zimetobolewa moja kwa moja katika bloki la chuma kizito. Bloki hilo lilikuwa gumu kuua, lakini liliposhikwa na kutu halikuweza kuponywa bila mashine ya kuchongea silinda, na mashine hiyo haikuwepo kila wilaya. Volkswagen, yenye silinda nne zinazochomolewa moja moja na isiyotumia maji kabisa, iliepuka nusu ya magonjwa haya, kwa kuwa njia za maji nazo ni chanzo kikubwa cha kutu ya injini.

Heshima ya kijamii ya kazi hii nayo ilikuwa ikipanda. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeanza maisha kama fundi wa magari, alishinda mbio za Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mbio, akashinda tena mwaka 1974 na 1976, na watu wakamwita Simba wa Barabara. Kwa vijana wa gereji, ushindi wa gari kuukuu lililoandaliwa vizuri dhidi ya magari mapya ya viwanda ulikuwa hoja isiyohitaji maelezo.

Kisha ukaja uhaba. Bei ya mafuta ghafi ilipanda takriban mara nne kati ya 1973 na 1974, ukame ukaharibu mavuno ya miaka hiyo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na vita dhidi ya Idi Amin, vilivyoanza mwishoni mwa 1978, vikameza akiba ya fedha za kigeni iliyokuwa imesalia Tanzania. Uagizaji wa magari ulikuwa umewekwa chini ya Shirika la Magari la Taifa, magari binafsi yakapigwa marufuku barabarani Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta, na kipuri cha kawaida kama gasketi ya hedi, yaani bapa linalozibia kiungo kati ya bloki na kifuniko cha silinda, kikawa kitu cha kuombewa kibali. Mashirika ya umma yalijikuta na viwanja vilivyojaa magari yaliyosimama. Viwanja hivyo, vilivyoitwa makaburi ya magari, ndivyo vilivyokuwa maghala ya kweli ya nchi, na si kila kilichotoka humo kilitoka kwa idhini. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwatisha wengi waliokuwa wameficha spea majumbani, wakiwemo waliozificha kwa sababu tu hawakujua zingepatikana tena lini.

Kazi ilihamia katika gereji bubu, yaani gereji zisizo na leseni wala kibao, zilizofunguliwa uani, pembeni mwa barabara na katika viwanja vitupu vya Gerezani, Ilala na Kariakoo, Dar es Salaam. Ndani ya gereji hizo utaratibu wa kufufua injini ulikomaa hadi ukawa na hatua zinazofanana kutoka mji hadi mji, ingawa haukuandikwa popote. Injini iliyolala muda mrefu hushikwa kwanza katika silinda, kwa kuwa maji hupenya kupitia tundu la plagi iliyong'olewa au valvu iliyobaki wazi, na kutu huzigandisha ringi, ambazo ni pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Fundi mwenye pupa huliburuta gari likiwa gia ili kuilazimisha injini igeuke, na anachopata ni ringi zilizokatika na konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na mhimili, iliyopinda. Fundi mzoefu humimina katika kila silinda mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, au mafuta ya breki, akayaacha siku kadhaa yapenye, kisha akaugeuza mhimili kwa spana ndefu kidogo mbele na kidogo nyuma bila kushindana nao. Injini ikikataa, hedi hufunguliwa na pistoni ikagongwa taratibu kupitia kipande cha mti mgumu. Hutumiwa mti badala ya chuma kwa sababu pistoni ni ya alumini na hupasuka.

Silinda ikiwa wazi, kipimo cha kwanza ni ukucha. Fundi huupitisha ukucha wa kidole kutoka katikati ya ukuta kwenda juu, na unapokwama katika ngazi ndogo iliyoachwa mahali ringi zinapoishia, hujua ukuta umelika kiasi gani. Ukikwama pia katika vishimo vya kutu pale pistoni ilipokuwa imesimama, hujua kwamba msasa hautatosha. Valvu husagwa kwa dawa ya kusagia, yaani uji wa chembe kali, zikizungushwa kwa viganja hadi pete ya kijivu isiyokatika ionekane pande zote, kisha petroli humiminwa juu yake ili kuona kama itavuja. Hedi ya alumini iliyopinda kwa joto husuguliwa juu ya msasa uliotandazwa juu ya kioo kinene, kwa kuwa kioo ndicho kitu bapa zaidi kinachopatikana mtaani. Gasketi ya shaba huchomwa hadi iwe nyekundu, ikapoozwa na kutumika mara ya pili, jambo ambalo mwongozo wa kiwanda hukataza lakini ambalo lina mantiki yake, kwani joto huirudishia shaba ulaini iliopoteza ilipokandamizwa.

Mipaka ya gereji bubu ilionekana katika krenki, ambao ndio mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko wa magurudumu. Krenki iliyochubuliwa na kutu haiponi kwa mkono. Sharti ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kuisaga, ikapunguzwa unene kwa hatua maalumu, na kila hatua ikawa na beringi zake nene zaidi za kujaza pengo. Katika injini za Kiingereza hatua hizo zilikuwa sehemu 10, 20, 30 na 40 za elfu moja ya inchi, yaani takriban robo ya milimita kila hatua, na baada ya hatua ya mwisho krenki ilihesabiwa kuwa imemaliza maisha yake. Mashine za namna hiyo zilikuwa chache, nyingi zikiwa za familia za Kihindi za mijini, za reli, za migodi au za jeshi, na mwenye nazo aliweza kupanga foleni ya wiki nyingi. Hapa ndipo ulipokuwa mshipa wa biashara nzima. Serikali ilianzisha SIDO, shirika la viwanda vidogo, mwaka 1973, na baadaye ikajaribu kuunganisha malori ya Scania Kibaha na kubuni lori la kizalendo katika kituo cha jeshi cha Nyumbu, lakini kama sehemu ya fedha hizo ingewekwa katika mashine za kusaga krenki za kila mkoa, huenda magari mengi zaidi yangetembea kuliko yote yaliyotoka katika viwanda hivyo.

Kenya haikubanwa kwa kiwango hicho. Miaka ya 1970 viwanda vya kuunganisha magari vilifunguliwa Thika, Nairobi na Mombasa, maduka ya spea yakajipanga katika Barabara ya Grogan, ambayo sasa ni Kirinyaga, na ufundi wa mtaani ukapata jina la jua kali kutokana na kufanyika bila paa. Tofauti kubwa ilikuwa ya kisiasa: ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iliitazama kazi hiyo kama chanzo cha ajira badala ya uchafu wa mji, na mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuwaahidi mabanda, wakati ambapo upande wa Tanzania sheria ya nguvukazi ya 1983 ilikuwa bado inawakamata mijini watu wasio na kazi inayotambulika. Hata hivyo uhitaji mkubwa zaidi, na kwa hiyo ubunifu mkubwa zaidi, ulikuwa Tanzania.

Mlango ulifunguliwa hatua kwa hatua. Kuanzia mwaka 1984 Watanzania waliokuwa na fedha zao nje waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zilikotoka, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 shilingi ilishuka kutoka takriban 17 kwa dola mwanzoni mwa mwaka hadi zaidi ya 50 mwishoni mwake. Dola ikawa ghali lakini ikapatikana, na katika muongo uliofuata barabara zikajaa Toyota zilizotumika Japani. Injini nazo zikaanza kuja peke yake, zikiwa zimeng'olewa katika magari yaliyochakaa na kupitia Dubai na Sharjah, ambako wafanyabiashara wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam walikuwa na jamaa na wakala wa siku nyingi; nyingine zilikuja na nusu ya mbele ya gari lililokatwa, ili mnunuzi apate giaboksi na nyaya zake papo hapo. Katika mtaa wa Shaurimoyo, Ilala, mteja aliweza kuchagua injini, kuisikiliza ikiunguruma juu ya stendi na kufungiwa siku hiyohiyo. Kuchonga silinda, kusaga krenki na kununua pistoni mpya kukawa ghali kuliko kubadilisha injini nzima, na vijana walioingia gereji baada ya hapo walijifunza kufunga na kufungua bila kupima.

Muundo wa injini zenyewe uliongeza kasi ya mabadiliko. Injini ya Toyota 1ZZ, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ina bloki la alumini lenye slivu nyembamba za chuma zilizosubuliwa pamoja nalo, na kiwanda hakikutoa pistoni za saizi kubwa kwa ajili yake, maana yake silinda ikilika hakuna hatua ya pili iliyokusudiwa. Ufufuaji wa kweli ulibaki kwa dizeli kubwa za malori, mabasi na mashine za kusaga nafaka, ambazo slivu zake huchomolewa kama za Peugeot ya zamani na ambazo bei yake bado inahalalisha siku kumi za kazi.

Wakati huohuo mshindani mwingine alijitokeza. Bei ya chuma chakavu ilipanda kutokana na mahitaji ya viwanda vya Asia na vya ndani, na bloki ambalo zamani lingelala nyuma ya gereji kusubiri mwenzake likaanza kuuzwa kwa kilo. Pistoni na hedi za alumini huyeyushwa na kumiminwa katika ukungu wa mchanga kuwa sufuria, kazi inayofanywa na mafundi walewale wa Kamukunji na Gerezani, na ambayo imezua hofu ya kiafya kwa kuwa alumini ya namna hiyo huweza kubeba risasi. Kenya ilisimamisha biashara nzima ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa mwaka 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, na kwa muda huo injini kuukuu zilipata ahueni isiyokusudiwa.

Land Rover za zamani, ambazo mamia yake zilikusanyika Arusha katika tamasha la Oktoba 2024, ndizo sasa zinazowalazimisha mafundi wazee kuonyesha vijana jinsi ya kusoma silinda kwa ukucha. Lakini pistoni za saizi kubwa na beringi zake huagizwa Uingereza kwa pauni, na wenye magari wengi, hasa wanaoyatumia kwa kazi badala ya maonyesho, wamekwisha kung'oa injini ya asili na kutia dizeli ya Kijapani iliyotumika, ambayo spea zake zipo mjini na ambayo namba yake sharti iandikishwe upya katika kadi ya gari.